Somo la Ufundi: Nyuzi Zilizolika kwenye Altaneta ya Gari la Zahanati



Somo letu la utunzaji wa vyombo katika toleo hili linahusu tundu moja lenye upana wa milimita 8. Wapo watakaoshangaa kwamba tumelipa kurasa nzima. Tundu hilo lilisimamisha huduma ya mkoba ya zahanati kwa wiki tatu, na kamati ilikaribia kutumia fedha nyingi mahali ambapo fedha kidogo zilitosha. Sisi tunaoandika tulikuwa miongoni mwa waliokaribia kukosea.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya dizeli ya miaka ya 1990, ya aina ambayo bado inazitumikia parokia nyingi. Siku hiyo lilikuwa linarudi kutoka kliniki ya watoto katika milima ya Uluguru. Dereva alisikia mkanda wa feni ukipiga kelele, kisha taa nyekundu ya betri ikawaka. Akaona afike kwanza chini kwenye gereji. Alipokanyaga breki mara ya tatu kwenye mteremko, pedali ilikuwa ngumu kama jiwe. Alishusha gia, akavuta breki ya mkono, akalisimamisha gari kwenye ukingo wa barabara. Ndani walikuwamo Sista, muuguzi mmoja, na mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali. Mama alisubiri saa mbili akapata lori la ndizi. Alijifungua salama, tunamshukuru Mungu, lakini saa mbili zile hatutaki kuzirudia.

Katika kikao cha kamati mzee mmoja aliuliza swali zuri: altaneta ni ya umeme, breki zimeingiaje? Injini ya petroli hunyonya hewa yenyewe, na mnyonyo huo ndio unaosaidia mguu wa dereva kwenye breki. Injini ya dizeli ya zamani haina mnyonyo wa kutosha, hivyo hupewa pampu ndogo ya kunyonya hewa. Kwenye Hilux zenye injini kama 2L, pampu hiyo imefungwa nyuma ya altaneta na huzunguka pamoja nayo. Mkanda huohuo huzungusha pia feni na pampu ya maji. Kwa hiyo ukilegea na kuteleza, betri haichajiwi, injini inaanza kuchemka, na breki zinabaki na nguvu ya mguu wa dereva tu. Breki hazipotei kabisa, lakini dereva mwembamba kwenye mteremko mkali hataona tofauti.

Kinachoushikilia mkanda usilegee ni bolti moja ya juu. Bolti hiyo hupita kwenye mkono wa chuma wenye mwanya mrefu, ikaingia katika sikio la altaneta. Sikio ni la aluminiamu, bolti ni ya chuma kigumu. Ndani ya sikio zimekatwa nyuzi, ambazo vitabu vya ufundi huziita hesi. Kila mkanda unapokazwa au kubadilishwa, bolti hufunguliwa na kufungwa tena, na kila mara aluminiamu ndiyo inayolika. Baada ya miaka mingi fundi anakaza, bolti inazunguka tu bila kushika. Nyuzi zimeisha.

Hiyo ni sababu ya uzee. Sisi tulikuwa na sababu mbili nyingine, na zote mbili tulizitengeneza wenyewe.

Ya kwanza ilitoka kwenye kopo la bolti stoo. Miaka ya nyuma parokia ilikuwa na Land Rover, na bolti zake za inchi zilibaki katika kopo moja na za Toyota. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, na ukiishika mkononi huwezi kuitofautisha na ya milimita 8. Lakini nyuzi zake hazilingani. Ya Toyota mahali hapo ina milimita 1.25 kutoka uzi hadi uzi. Ya inchi, kama ni ya nyuzi pana, inakaribia 1.41, na kama ni ya nyuzi nyembamba ni kama 1.06. Inaingia mizunguko miwili kwa vidole, inakuwa ngumu, fundi anaongeza spana ndefu. Inaingia kweli, kwa kuzinyoa nyuzi za aluminiamu. Siku hizi tuna makopo mawili, na kila bolti ya kopo la Toyota imejaribiwa kwenye nati mpya kabla ya kuwekwa humo.

Sababu ya pili ilikuwa chini. Altaneta hubebwa na bolti ndefu ya chini, ambayo ndiyo hasa hubeba uzito wake. Yetu ilikuwa imelegea na bushi yake imelika, hivyo altaneta ilikuwa ikitikisika kila gari lilipopita kwenye makorongo, na mtikisiko wote ukaishia kwenye bolti ya juu. Tungetengeneza juu tu, tungerudi palepale kabla ya mvua za vuli.

Mapendekezo yalikuwa mengi. Dereva alikuwa ameingiza kabari ya mti kati ya altaneta na injini, akafunga kwa waya. Tunampongeza kwa kulifikisha gari nyumbani, lakini kabari hukauka na kudondoka. Wengine walitaka sikio lichomelewe na kutobolewa upya. Aluminiamu huhitaji mtambo wake na fundi wake wa kuchomelea, na joto lake halifai karibu na nyaya za altaneta. Gundi ya chuma ya kuchanganya haivumilii mkazo wa mkanda. Bolti nene ya milimita 10 ingelidhoofisha sikio, na tena haipiti kwenye mwanya wa ule mkono wa chuma. Wengi wetu tulielekea kuagiza altaneta nzima iliyotumika, na kumwandikia mfadhili kumwomba fedha. Barua ilikwisha kuandikwa. Lakini altaneta iliyotumika huja na sikio lililotumika.

Kuna njia mbili nzuri, na ya kwanza ni rahisi mno hivi kwamba watu huipita. Kama nyuma ya sikio pana nafasi, tundu hutobolewa mpaka upande wa pili kwa upana wa milimita 8, likapitishwa bolti ndefu zaidi yenye washa pande zote mbili na nati inayojifunga. Nyuzi za aluminiamu hazihitajiki tena. Kwetu nyuma ya sikio palikuwa pembamba, nati isingeingia.

Njia ya pili ni springi ya nyuzi, ambayo maduka ya vipuri huiita helikoili. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi: upande wa nje unashika nyuzi mpya zilizokatwa kwenye aluminiamu, upande wa ndani unaipokea bolti ileile ya milimita 8. Tundu lililotengenezwa hivi huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani, kwa kuwa bolti sasa inakutana na chuma, na aluminiamu inabeba mzigo kwenye eneo pana zaidi.

Kazi ilifanyika hivi. Kwanza ulifunguliwa waya hasi wa betri, kwa maana waya mnene wa altaneta huwa na umeme hata gari likiwa limezimwa, na spana ikigusa bodi hutoa cheche kubwa. Altaneta ikatolewa kabisa. Usikubali fundi atoboe ikiwa ndani ya gari: hawezi kuisimamisha drili wima, na chenga za aluminiamu zitaingia ndani. Mipira ya mafuta na ya hewa ya pampu ya nyuma ilifunguliwa, matundu yakazibwa kwa vitambaa safi, na mwili wa altaneta ukafungwa katika mfuko wa nailoni, likabaki nje sikio tu.

Sikio lilibanwa kwenye jiliwa kati ya vipande viwili vya mbao, tundu likapanuliwa kwa biti ya milimita 8.3. Zikafuata nyuzi mpya, zilizokatwa kwa tapu maalumu inayouzwa pamoja na springi hizo. Tapu ya kawaida ya milimita 8 haifai hapa. Fundi aliinyunyizia mafuta ya taa, ambayo kwa aluminiamu ni mafuta mazuri ya kukatia, akazungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili chenga zikatike. Kisha alisafisha tundu kwa brashi mpaka likang'aa. Springi iliingizwa kwa kifaa chake hadi ikazama robo mzunguko chini ya uso wa sikio. Ikishaanza kuingia hairudishwi nyuma. Mwisho alivunja kijino kidogo cha chini alichoshikia kuizungushia, akakitoa kwa koleo jembamba. Hapo tulimsimamia, maana kijino hicho kikidondokea ndani ya altaneta, gharama zinaanza upya.

Bolti ilikuwa mpya, na yenye urefu wa kutosha kuingia walau milimita 12 ndani ya sikio. Bolti fupi inayoshika nyuzi tatu tu itazila hata nyuzi za springi. Bushi ya chini ilibadilishwa, na fundi wa kukereza vyuma aliitengeneza kwa asubuhi moja. Mkanda ulikazwa hadi ukabonyea kama milimita 10 kwa kidole gumba. Bolti ya juu haihitaji zaidi ya nguvu ya mkono mmoja kwenye spana fupi. Mafuta ya injini yalipimwa kabla ya kuwasha, kwa sababu pampu ya nyuma hulainishwa na mafuta hayohayo, na breki zilijaribiwa uwanjani kabla gari halijatoka getini.

Barua kwa mfadhili haikutumwa. Badala yake, tulimweleza tulivyotumia sehemu ndogo ya fungu la matengenezo, naye akatujibu kwamba hakuwahi kujua kuwa fungu hilo lina kazi kama hii. Tunawaomba wafadhili wengine pia wasiliondoe katika bajeti wanapotoa gari. Na tunaziomba kamati, fundi anaposema altaneta imekufa, zimwombe aoneshe ni kitu gani ndani yake kimekufa. Yetu ilikuwa ikichaji vizuri muda wote.

Tapu, kifaa cha kuingizia na springi nne zilizobaki vimo katika kopo la maziwa stoo, pamoja na biti yake. Parokia jirani yenye tatizo hili imtume fundi wake, aje na altaneta yenyewe pamoja na bolti, kwa kuwa hatutoboi bila kupima.