SOMO LA SOKO: Namna ya kuchagua mashine ya kufyonza vumbi iliyotumika

Mashine za kufyonza vumbi zilizotumika huuzwa katika maduka ya vyombo vya mitumba pamoja na friji, pasi na majiko ya umeme. Wanunuzi si wenye nyumba peke yao. Wamo vijana wanaoanzisha biashara ya kusafisha ofisi, makochi, mazulia ya misikiti na viti vya magari. Kwao mashine ndiyo mtaji wenyewe. Ikifa wiki ya pili, kazi imesimama na fedha imekwenda. Wahenga walisema rahisi ghali, na katika bidhaa hii bei ya dukani ni sehemu ndogo tu ya gharama.

Kazi kwanza, mashine baadaye

Kabla ya kuingia dukani, amua utasafisha nini. Mashine ya kusimama, yenye brashi inayozunguka chini, hufaa zulia nene. Ile ya kuburuta, yenye bomba refu, hufaa makochi, ngazi na sakafu. Kwa viti vya magari na kazi yenye majimaji tafuta ile ya pipa iliyotengenezwa kwa vumbi na maji. Usivute maji kwa mashine ya vumbi kavu: mota huungua, na mtumiaji anaweza kupigwa na umeme.

Soma kibandiko

Pindua mashine usome kibandiko chake. Umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Mashine za soko la Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, mota itaungua. Muuzaji atakwambia utumie transfoma. Ni kweli, lakini mashine ya wati 1,000 inahitaji transfoma inayobeba zaidi ya wati 1,000, nayo ni nzito na ina bei yake. Ijumlishe katika hesabu kabla ya kukubali.

Wengi hudhani wati nyingi ndiyo nguvu ya kuvuta. Sivyo. Wati zinaonyesha umeme unaoliwa. Umoja wa Ulaya uliweka kikomo cha wati 1,600 kwa mashine mpya za nyumbani kuanzia Septemba 2014, kisha wati 900 kuanzia Septemba 2017, na viwanda vikaboresha feni, bomba na kichwa ili kazi ifanyike kwa umeme mdogo. Kwa hiyo mashine ya Ulaya yenye wati 2,000 huenda ni ya zamani tu. Ukifanya kazi saa 12 kwa wiki, hiyo hula uniti 24. Ya wati 900 hula uniti 10.8.

Majaribio sita ya dukani

1. Vuta waya wote hadi mwisho. Tazama palipokatika, palipofungwa utepe na palipoyeyuka karibu na plagi.

2. Fungua chumba cha vumbi. Kutu, ukungu au tope lililoganda ni dalili kwamba ilivuta maji. Vumbi la saruji nyuma ya chujio ni dalili mbaya pia, kwani huenda limefika kwenye mota.

3. Kunja bomba la mpira kila upande. Ufa mdogo hupoteza mvuto mwingi. Ukiwa mwishoni, bomba hukatwa likarudishiwa. Ukiwa katikati, hesabu bomba jipya.

4. Washa kwa dakika 10, si sekunde 10. Mlio wa kukwaruza ni wa beringi zilizochoka. Harufu ya kuungua inayozidi kadiri dakika zinavyokwenda ni ya mota inayokufa. Kaboni zilizolika hubadilishwa na fundi. Waya wa mota ulioungua ni gharama kubwa.

5. Ziba mdomo wa bomba kwa kiganja. Mlio unapaswa kupanda, maana feni isiyo na hewa ya kusukuma huzunguka kasi zaidi. Mlio usipobadilika, hewa inavuja mahali au feni ni mbovu.

6. Mwaga konzi ya mchanga juu ya kipande cha zulia uvute. Kisha geuza zulia ulikung'ute. Mchanga uliobaki ndio jibu.

Muuzaji akisema hakuna umeme, rudi siku utakapokuwapo.

Hesabu ya mifuko

Hapa ndipo wengi huumia. Mashine nyingi hutumia mfuko wa karatasi au kitambaa chepesi unaotupwa ukijaa, na kila muundo una mfuko wake. Tuseme, kwa mfano, mashine ya kwanza inauzwa sh. 90,000, na mfuko wake sh. 6,000 kila wiki. Kwa wiki 52 mifuko ni sh. 312,000, jumla sh. 402,000. Ya pili inauzwa sh. 150,000, ina mfuko wa kitambaa wa kufua au kikombe cha kumwaga. Ipi ni rahisi? Uliza kwanza kama mifuko inapatikana mjini. Kuchana mfuko wa karatasi na kuutumia tena huziba hewa na kurudisha vumbi ndani.

Punguzo au uache?

Chujio chafu, kichwa kilichopotea na bomba lililochanika mwishoni ni sababu za kuomba punguzo, ili mradi ujue bei ya kipuri. Volti isiyofaa, harufu ya mota, dalili za maji na ganda lililopasuka ni sababu za kuondoka, hata bei ikishuka nusu.

Mwisho, stakabadhi nyingi huandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Kabla ya kutoa fedha, omba muuzaji aandike kwa mkono muda wa majaribio, hata siku tatu, na aweke sahihi. Akikataa, usimlipe bei ya mashine yenye dhamana.