Fahamu Ugonjwa wa Mitokondria na Unavyoathiri Ubongo

Mtoto aliyekuwa ameanza kutembea anarudi kutambaa. Mwingine anachoka kabla ya kufika shuleni, kisha anaanza kupata degedege. Mara nyingi jamii husema ni majini au kurogwa. Wakati mwingine chanzo ni ugonjwa wa mitokondria.

Mitokondria ni nini?

Ni vijisehemu vidogo sana vilivyo ndani ya seli za mwili. Kazi yake kubwa ni kugeuza chakula na oksijeni kuwa nishati. Vikiwa na hitilafu, viungo vinavyohitaji nishati nyingi huumia kwanza. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nishati yote. Inakadiriwa kuwa mtu 1 kati ya 5,000 ana ugonjwa huu.

Dalili za kuangalia

• Misuli kulegea na uchovu usioisha hata baada ya kupumzika
• Kope kuanguka, au kupoteza uwezo wa kuona au kusikia
• Mtoto kutokua vizuri, au kupoteza ujuzi aliokuwa nao
• Degedege, kuyumba anapotembea, kutapika mara kwa mara
• Kisukari au matatizo ya moyo

Dalili moja pekee haithibitishi ugonjwa. Daktari hushuku zaidi viungo kadhaa vinapougua kwa pamoja, kwa mfano kisukari na uziwi kwa mtu mmoja.

Uhusiano na magonjwa ya neva

Kifafa ni mojawapo ya dalili zinazojitokeza mara nyingi. Aina iitwayo MELAS huleta mashambulizi yanayofanana na kiharusi, mara nyingi kabla ya umri wa miaka 40. Ugonjwa wa Leigh hushika zaidi watoto wachanga na wadogo, na huharibu sehemu za ndani za ubongo. Hitilafu za mitokondria zimeonekana pia katika ugonjwa wa Parkinson.

Je, huambukiza?

La. Husababishwa na hitilafu za jeni. Baadhi ya jeni hizo hutoka kwa mama pekee, nyingine kwa wazazi wote wawili, na wakati mwingine hitilafu hutokea bila mzazi kuwa nayo. Hakuna anayechagua jeni zake, hivyo mama asilaumiwe wala kufukuzwa nyumbani.

Tahadhari kuhusu dawa

Dawa ya kifafa iitwayo sodiamu valproeti inaweza kudhuru ini vibaya kwa baadhi ya wagonjwa hawa. Mweleze daktari iwapo kuna dalili zilizotajwa au historia yake katika familia. Hata hivyo, usiache dawa yoyote ya kifafa bila ushauri wake, kwani kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma.

Ufanye nini?

Nenda kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na Kijitabu cha Mama na Mtoto. Andika tarehe dalili zilipoanza na majina ya dawa zilizotumika. Ukiweza, rekodi degedege kwa simu. Omba rufaa hadi kwa daktari wa watoto au wa neva.

Ugonjwa huu bado hauna tiba ya kuumaliza. Hata hivyo, kifafa, kisukari na moyo hutibika, vifaa vya kusikia husaidia, na mazoezi mepesi huimarisha misuli. Mgonjwa anayetambuliwa mapema huepushwa na dawa zinazoweza kumdhuru.