Kabla Hujaagiza Spika za Kuunga, Njoo Tuongee

Mdogo wangu mmoja ameniandikia: "Dada, shikamoo. Nimehamia chumba na sebule, nataka muziki wa maana. Rafiki yangu anasema niagize seti ya spika niziunge mwenyewe, eti nitapata kitu cha bei kali kwa nusu ya pesa. Mama anasema ninunue sabufa dukani, niache ujuaji. Nimsikilize nani?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera ya nyumba. Mama hajakosea sana. Kama unachotaka ni muziki wa kufanyia usafi Jumamosi, nenda dukani asubuhi, mchana unacheza. Sabufa ya dukani ina amplifaya ndani, ina bluetuthi, ina pa kuchomeka flashi, na ina rimoti. Seti ya kuunga haina hata kimoja kati ya hivyo. Unapewa spika tupu, vifaa vya krosova, mchoro, na ukibahatika mbao zilizokwisha kukatwa. Amplifaya utainunua kando. Hapo rafiki yako alipitia haraka haraka, sivyo?

Ila huko dukani usitishwe na maandishi. Boksi limeandikwa wati 10,000 PMPO kwa herufi za kung'aa. Wewe geuza mgongo wa sabufa, soma inavuta wati ngapi za umeme. Ikiwa inavuta 60, hizo nyingine inazitoa wapi, kwa mganga? Tafuta namba yenye RMS pembeni, ndiyo iliyo karibu na ukweli, hata kama ni ndogo ya kutia aibu. Na uisikilize kwa wimbo unaoujua mwanzo mwisho. Wimbo wa muuzaji ameshauchagua kwa sababu zake.

Sasa tuje kwenye seti, maana hapa ndipo watu wanapoliwa pesa. Wengi wanadhani anayenunua seti analipia mbao na gundi. Mbao hata Keko, Dar, zipo. Unacholipia ni hesabu. Kila spika ya besi ina tabia yake: koni yake ina uzito gani, inarudi nyuma kwa ulaini gani, sumaku inaishika kwa nguvu gani. Tabia hizo ndizo zinazoamua kasha liwe na ujazo wa lita ngapi. Mwaustralia Neville Thiele aliweka msingi wa hesabu hizo mwaka 1961, na Richard Small akaziendeleza miaka ya 70 mwanzoni. Mpaka leo kiwanda makini kinatoa karatasi ya vipimo vyenye majina yao. Kasha lenye sentimita 20 kwa 25 kwa 30 kwa ndani ni lita 15. Spika iliyohitaji lita 40 ukiibana humo, besi itavuma sehemu moja tu, ile ya chini kabisa huisikii.

Halafu kuna krosova, ambayo mimi naiona ndiyo moyo wa seti. Inagawa sauti: nzito kwa spika kubwa, nyembamba kwa twita. Twita ikilishwa besi inaungua, ndiyo maana hata boksi la bei rahisi huwa na kapasita moja ya kuikinga. Lakini kukinga ni jambo moja, kuzipatanisha spika mbili ni jambo jingine. Aliyebuni seti nzuri amekaa na maikrofoni akapima, akabadilisha koili na kapasita mpaka pale spika mbili zinapopokezana pasiwe na shimo. Na mara nyingi pale pana sauti ya mwimbaji, au zile herufi zinazokufanya umwelewe anaimba nini. Kwa hiyo ukiambiwa "twita hii hamna, chukua hii inafanana", kataa. Ukikubali, kazi yote ile umeitupa.

Ndiyo maana spika ya besi kutoka redio iliyokufa, twita ya Kariakoo, na kasha alilokadiria fundi kwa macho, mimi siziiti seti. Zitapiga kelele, hilo sikatai. Kwa harusi ya mtaani zinatosha.

Tuongee pesa. Ile "nusu ya bei" inaweza kuwa kweli kwa aliye Ulaya au Marekani, kwa sababu kazi ya kuunda kasha anaifanya mwenyewe na gharama za duka hazilipi. Kule Ohio, kampuni ya Parts Express inauza seti ndogo iitwayo C-Note, na mbao zake zimekatwa tayari. Lakini sumaku ni nzito na mbao za MDF ni nzito. Zikishasafiri mpaka Dar au Mombasa na kulipiwa kodi, unafuu umebaki njiani. Ukiwa na hamu kweli, agiza spika na vifaa vya krosova tu, mbao zikatwe hapa hapa. Na kitu chochote chenye amplifaya kutoka Marekani, soma volti kabla ya kulipa. Kwao ni 120, kwetu 230, na moshi wake haurudishwi dukani.

Wewe wa chumba na sebule, mimi ningekupeleka kwanza kwenye spika za mtumba. Zipo nzuri. Angalia ule ukingo laini unaozunguka koni: wa mpira hudumu, wa sifongo huoza kwa joto na unyevu. Uguse taratibu kwa kidole. Ukimomonyoka, shusha bei au ondoka.

Kuunga kuna mwenyewe. Ni yule ambaye kitu kikiharibika anafurahi kukifungua. Kama ni wewe, anza na seti ndogo ya spika mbili, nunua multimita na pasi ya kulehemu, na mbao zikikatwa funika pua, vumbi la MDF si la kuvuta. Kwa sisi wa pwani, kingo za mbao hizo zipake rangi vizuri, unyevu ukiingia zinavimba. Na ukienda kwa fundi na kaka yako, fundi akianza kumweleza yeye wakati mwenye mradi ni wewe, mwambie akuangalie wewe.

Fundi huyo mpe kazi ya kasha tu, na umwachie karatasi ya vipimo. Akifika kwenye bomba la hewa la kasha hilo, simama hapo hapo. Atataka kulipunguza kidogo "likae vizuri", na bomba likifupishwa, kasha linahamia kwenye sauti ya juu kuliko iliyopigiwa hesabu. Usilipe salio mpaka ulipime bomba hilo kwa rula.