Swali la Mawimbi: Redio Inayokatika Nyuma ya Mlima Lupanga

Swali. Redio ya kidijitali inanasa vizuri mawasiliano ya megahezi 150 Morogoro mjini, ulipo mtambo wa kurushia. Ikipelekwa Kinole, upande wa pili wa Lupanga, maneno yanakatika. Eleza sababu na jinsi ya kurekebisha.

Jibu. Tafuta kwanza urefu wa wimbi:

λ = v/f = (3 × 10⁸) ÷ (1.5 × 10⁸) = mita 2

Kilele cha Lupanga kiko mita 2,138 juu ya usawa wa bahari. Wimbi fupi namna hii hujipinda kidogo tu kwenye kikwazo kikubwa, hivyo Kinole imo kivulini. (Wimbi la kilohezi 1,000 lina mita 300; hilo hujipinda vizuri zaidi.) Usiandike tu "umbali ni mkubwa": swali limekutajia mlima.

Kuongeza sauti hakusaidii. Ishara ya analojia ikidhoofika huleta mikwaruzo. Ya kidijitali husahihishwa makosa yake hadi kikomo fulani, kisha hukatika ghafla.

Marekebisho: antena yenye urefu wa robo ya wimbi, yaani sentimita 50, isimamishwe wima ikiwa ya mtambo nayo iko wima. Bado inakatika? Ipandishwe mahali panapoonekana mtambo, au uwekwe kileleni mtambo wa kupokea na kurusha upya.