Mbinu za Skauti Zaingia Darasani

Mzazi apitaye shuleni saa nne asubuhi na kuwakuta wanafunzi wa Darasa la Sita wameuzunguka mwembe, mikononi wana kijiti na kamba, huenda akadhani kipindi kinapotea bure. La hasha, huenda hilo ndilo somo la Hisabati.

Kijiti cha mita 1 husimamishwa wima juani, kisha kivuli chake hupimwa. Kivuli hicho kikiwa sentimita 80, na cha mwembe kwa wakati uleule kikawa mita 9.6, watoto hugawanya 9.6 kwa 0.8 na kupata mita 12, urefu wa mti ambao hakuna aliyeupanda. Uwiano, ambao ubaoni huwachosha wengi, hapo huonekana kwa macho.

Kukadiria urefu na umbali ni desturi ya kale ya Skauti. Robert Baden-Powell alipofanya kambi ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikundi vinne, kila kimoja na kiongozi kijana. Mgawanyo huo ndio wenye manufaa makubwa zaidi katika darasa lililofurika. Mwalimu mwenye watoto 80 na kipindi cha dakika 40 ana nusu dakika tu kwa kila mtoto. Akiunda vikundi 10 vya watoto wanane, hata yule ajifichaye dawati la nyuma hupata kazi: huyu hushika kamba, yule huandika vipimo, mwingine hukagua hesabu.

Hatari ipo. Kiongozi akiwa daima yuleyule mwenye alama za juu, wenzake hunakili majibu, na kikundi hubaki jina tu. Uongozi hauna budi kuzunguka kila wiki, wasichana kwa wavulana, na mwalimu amwulize mwanakikundi yeyote, si kiongozi peke yake.

Mtoto halazimiki kuwa Skauti wala kushona sare ili afundishwe hivi, na kwa kuwa vifaa ni kijiti, kamba na kipimo cha mita, somo hili halipaswi kuwa sababu ya mchango wa fedha. Fundi seremala au mwashi mwenye mtoto shuleni anaweza kumwona mwalimu mkuu, wapange siku ya kuja kuwaonyesha watoto jinsi anavyopima kazini.