Kitovu cha Mji wa Kericho: Majina na Majengo kama Matini ya Historia

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili amezoea kuhakiki matini iliyochapishwa, iwe riwaya, tamthilia au diwani. Hata hivyo, mji nao ni matini. Barabara zake zina majina, majengo yake yana umbo, na kila jina na kila umbo lilichaguliwa na mtu kwa sababu yake. Makala hii inanuia kusoma kitovu cha mji wa Kericho kwa jicho hilo. Hoja yake ni kwamba majina na majengo ya mji huu yanadhihirisha ni nani waliopata uwezo wa kutaja na kujenga katika kila kipindi, na kwamba wapo wakazi ambao historia yao ingali inahifadhiwa na masimulizi ya wazee kuliko mawe.

Asili ya jina

Kuna masimulizi mawili makuu kuhusu jina Kericho. La kwanza linalihusisha na mganga wa Kikipsigis aliyeitwa Kipkerich. La pili linalihusisha na kiongozi wa Kimaasai, Ole Kericho. Simulizi la kwanza lina mvuto wa kiisimu, kwa kuwa katika lugha ya Kikipsigis neno kerichek humaanisha dawa. La pili nalo halipaswi kupuuzwa, kwa sababu linakumbusha kwamba nyanda hizi zilikuwa mpaka wa jamii kadhaa kabla ya kuja kwa Mwingereza.

Majina ya vijiji na vituo vinavyouzunguka mji yana uwazi zaidi. Kapsoit, Kapkugerwet na Kapkatet yote huanza kwa kap-, kipashio kinachodokeza makao au mahali pa mtu ama kitu fulani. Dhima yake inakaribiana na ya kwa- ya Kiswahili katika majina kama Kwa Jomvu. Katika lugha zote mbili, ardhi hutambulishwa kupitia kwa aliyeishi hapo. Ukoloni ulileta mantiki nyingine, ile ya kuitambulisha ardhi kwa ramani na hati ya kumiliki.

Kutoka kituo cha utawala hadi mji wa chai

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901 bila kupitia Kericho. Kituo kilichokuwa karibu kiliitwa Lumbwa, jina ambalo wageni waliwapachika Wakipsigis. Leo kituo hicho kinaitwa Kipkelion, na jina la Lumbwa limebaki katika nyaraka za zamani. Kericho ulikua kama makao ya utawala wa wilaya, na msafiri aliyeshuka garimoshi alilazimika kuifuata barabara hadi mjini.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walikusudia kulima kitani. Bei ya zao hilo iliporomoka na mradi ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay ziliingia na kuanza kilimo kikubwa cha chai. Ikumbukwe kwamba ardhi hiyo haikurejeshwa kwa wenyeji. Ilitoka mikononi mwa mgeni mmoja ikaingia mikononi mwa mwingine.

Mashamba hayo yalihitaji vibarua wengi, na wengi wao walitoka nje ya Kericho, hasa miongoni mwa Waluo, Wagusii na Waluhya. Katika kambi za wafanyakazi, sokoni na madukani, Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha. Hata bustani ya katikati ya mji, Chai Square, imebeba jina lililoungwa kwa neno la Kiswahili na la Kiingereza, nalo neno chai lenyewe lilianza safari yake Uchina.

Majina ya barabara

Majina ya barabara za kitovu cha mji yanaonyesha vipindi vitatu. Tengecha Road inamkumbusha msomaji chifu mashuhuri wa Kikipsigis wa enzi ya ukoloni, arap Tengecha. Isaac Salat Road ina jina la mwanasiasa wa eneo hili aliyekuwa mbunge na waziri msaidizi baada ya uhuru, nayo Moi Highway ina jina la rais aliyetawala kati ya mwaka 1978 na 2002. Temple Road inaashiria hekalu la Wahindi, na hivyo inashuhudia mchango wa Waasia waliofungua maduka na karakana mjini.

Alama za imani na burudani

Miongoni mwa Waasia hao walikuwa Masingasinga, ambao Kiswahili cha Kenya kimewaita pia Makalasinga. Inasemekana neno hilo lilitokana na mfanyabiashara wa awali aliyeitwa Kala Singh, na hivyo jina la mtu mmoja likageuka jina la jamii nzima. Gurdwara ya Kericho inahusishwa na Baba Puran Singh, aliyeishi mjini humo kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Uingereza. Huko Birmingham alianzisha jumuiya ya kidini katika miaka ya 1970, akafariki mwaka 1983. Wafuasi wake humwita Kerichowale, yaani "wa Kericho". Kwa njia hiyo jina la mji wa chai likavuka bahari na kuwa lakabu ya heshima.

Kanisa la Kianglikana la Holy Trinity, lililojengwa kwa mawe, lina sura ya kanisa la kijiji cha Uingereza. Tea Hotel, iliyojengwa na Brooke Bond katika miaka ya 1950 kando ya barabara ya Nakuru, inakumbusha maisha ya mameneja wa mashamba. Kinyume chake, Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lililokamilika mwaka 2015 linachukua waumini wapatao 1,500, na paa lake la vigae huinuka na kupanuka kadiri mtu anavyoikaribia altare. Jimbo Katoliki la Kericho lenyewe liliundwa mwaka 1995.

Uwanja wa michezo nao umebadilishwa jina. Uliokuwa Kericho Green Stadium umepewa jina la Kiprugut Chumo, Mkenya wa kwanza kushinda nishani ya Olimpiki. Alipata shaba katika mbio za mita 800 mjini Tokyo mwaka 1964 na fedha nchini Meksiko mwaka 1968. Alifariki mwaka 2022, na mwaka uliofuata sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika uwanjani humo.

Historia isiyo na mnara

Ukoo wa Talai ulikuwa wa viongozi wa kiroho waliohofiwa na Waingereza. Mmoja wao, Kipchomber arap Koilegen, alihamishiwa Murang'a mwaka 1914. Mwaka 1934 serikali ilitunga sheria mahususi ya kuwaondoa Talai, na watu wapatao 700 wakapelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali penye malaria na mbung'o. Waliporudi karibu na wakati wa uhuru, ardhi yao ilikuwa na wenyewe wengine. Wengi walibanana katika makazi duni mjini Kericho. Mwaka 2022 wawakilishi wa Talai na Wakipsigis waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mtalii anayetembea kutoka Chai Square hadi gurdwara anaweza kuimaliza ziara yake bila kuisikia habari hii. Kwa hiyo, anayeusoma mji kwa majengo pekee ameusoma nusu.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba Kericho ni matini yenye waandishi wengi: waganga na wachifu, makarani wa kikoloni, kampuni za chai, mafundi wa Kiasia, waumini na wanariadha. Wengine waliandika kwa mawe, wengine kwa majina, na wengine kwa kumbukumbu tu. Wazee wanaokumbuka Gwassi wanazidi kupungua kila mwaka. Mwanafunzi wa fasihi simulizi aliye na kinasa sauti, Kiswahili fasaha na subira ana kazi inayomngoja katika mji huu: kukusanya masimulizi hayo, kuyalinganisha na nyaraka, na kuyahifadhi pamoja na majina ya mahali yaliyotajwa humo, kabla wanaoyajua hawajaondoka.