Ngozi ni Jambo la Nyumba Nzima: Kijitabu kwa Familia za Meru na Embu

Mtoto akianza kujikuna usiku, wengi wetu humtafutia dawa yeye peke yake. Dawa inapakwa, muwasho unapungua, na wiki chache baadaye umerudi, safari hii hadi kwa dada yake. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa sababu ya kurudi huko. Magonjwa mengi ya ngozi yanayosumbua familia zetu hupita katika vitu tunavyotumia pamoja: kitanda, taulo, chanuo, mashine ya kinyozi, sakafu ya nyumba. Ukimtibu mmoja na kuviacha hivyo, umefanya nusu ya kazi.

Kuoga na kujipaka mafuta

Anayeishi Timau au Kianjokoma anajua jinsi baridi ya Juni hadi Agosti inavyopasua midomo na visigino. Aliyeko Kiritiri au Ishiara anapambana na joto, jasho na uhaba wa maji. Ushauri wa kuoga hauwezi kuwa mmoja kwa wote.

Penye baridi, jihadhari na maji ya moto sana. Yanastarehesha, lakini huondoa mafuta ya asili ya ngozi, na ukitoka bafuni mwili unakauka na kuwasha. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Sabuni ya mche ni ya kufulia nguo; ngozi ya mtoto haiiwezi. Ukimaliza kuoga, jikaushe taratibu bila kujisugua, kisha jipake mafuta mara moja, ngozi ingali na unyevu. Hapa ndipo wengi hupoteza faida: husubiri mwili ukauke kabisa. Jeli haileti maji kwenye ngozi. Kazi yake ni kuyazuia yaliyopo yasitoroke. Ndiyo maana jeli ya kawaida ya bei nafuu hufanya kazi nzuri kama losheni ya bei ghali. Nyumba nyingi hujipaka pia ile jeli ya kukamulia ng'ombe, na ngozi isiyo na tatizo huistahimili, ila mtoto mwenye ukurutu afadhali apakwe isiyo na manukato yoyote.

Penye uhaba wa maji, beseni moja linaweza kutosha ukijua pa kuanzia: uso, kwapa, kinena, makalio, kisha miguu hadi katikati ya vidole.

Na hivyo vidole visisahaulike. Mchuma chai anayepeleka majani kiwanda cha Rukuriri, Mungania au Kinoro hushinda ndani ya gambuti tangu umande wa asubuhi. Akizivua jioni, mtazame katikati ya kidole cha nne na cha tano: ngozi imekuwa nyeupe, imelowa, ina harufu, na ukiigusa inabanduka. Hiyo ni fangasi. Osha miguu kila jioni, kausha kila mwanya kwa kitambaa chako mwenyewe, vaa soksi kavu kila siku, na uzigeuze gambuti juu chini mahali penye hewa zikauke usiku. Anayenyunyizia kahawa dawa avae glavu na mikono mirefu, aoge mara tu amalizapo, na nguo zake zifuliwe mbali na za watoto.

Upele

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa, na kweli umepuuzwa. Watu huuonea aibu, huuita uchafu, na kwa aibu hiyo huuficha. Upele si uchafu. Ni mdudu mdogo sana anayechimba njia ndani ya ngozi na kutaga mayai humo, na humpata hata anayeoga mara mbili kwa siku, akilala na mwenye upele au kushikana naye kwa muda mrefu.

Dalili yake kubwa ni muwasho unaozidi usiku, pamoja na vipele katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, kwapani na sehemu za siri. Mtoto mchanga hutokwa navyo hata viganjani, nyayoni na kichwani.

Jambo la kushika sana ni hili: mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 kabla hajaanza kujikuna, na wakati huo wote anawaambukiza wenzake. Basi yule ndugu anayesema "mimi siwashwi" naye anahitaji dawa. Wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe usiku mmoja, kuanzia shingoni hadi nyayoni, chini ya kucha na kwenye kila mkunjo. Anayenawa mikono ajipake tena mikononi. Dawa inayotolewa sana ni benzili benzoeti. Ya watoto wadogo hupunguzwa makali, kwa hiyo muulize mhudumu wa afya kiasi chao, siku za kurudia, na umwambie kama kuna mjamzito au mtoto anayenyonya.

Asubuhi yake, shuka, nguo na taulo zilizotumika siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi zito lisilofulika lifungwe ndani ya mfuko wa plastiki kwa wiki moja. Mdudu huyu akikosa ngozi ya mtu hufa baada ya siku mbili tatu. Muwasho unaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata wadudu wakiwa wamekwisha. Usimpake mtoto kila siku kwa hofu, kwani dawa yenyewe huichoma ngozi. Vipele vikitunga usaha, nenda hospitali bila kuchelewa: bakteria wanaoingia humo wanaweza kuleta ugonjwa wa figo.

Wanafunzi wa bweni wakifunga shule, wakague mikono siku hiyohiyo wanapofika nyumbani. Nguo za mitumba, ziwe za Gakoromone au za soko lolote, zifuliwe kabla hazijavaliwa.

Choa na tyubu ya kemisti

Choa ni fangasi inayotoa duara lenye ukingo wa magamba na katikati palipoanza kupona. Familia nyingi hununua tyubu ya mchanganyiko, ndani yake mna steroidi kali kama betamethasoni. Siku tatu za kwanza wekundu unatulia na mama anafurahi. Lakini steroidi imenyamazisha tu kinga ya ngozi. Fangasi inaendelea kutambaa chini yake, duara linapoteza umbo, na hata daktari baadaye anapata kazi kuitambua. Ukiitumia muda mrefu, ngozi inakuwa nyembamba na kutoka michirizi isiyofutika. Usinunue krimu ya steroidi bila kuandikiwa, na usimpake mtoto iliyoandikiwa mwingine.

Choa cha kichwani, yaani mapunye, hakiponi kwa krimu kwa sababu fangasi imeingia kwenye shina la nywele. Kinahitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Akipewa griseofulvini, amezee kwa maziwa au chakula chenye mafuta, mwili uifyonze vizuri. Kwa kinyozi, omba mashine isafishwe kwa dawa kabla haijagusa kichwa cha mwanao. Ni haki yako, wala kinyozi mzuri hakasiriki.

Krimu za kujichubua zina hatari kubwa kuliko hizo za steroidi. Kenya ilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinauzwa. Zebaki huharibu figo, na haibaki kwa aliyejipaka. Hukaa kwenye taulo, foronya na mikono, na mtoto anayelala kifuani pa mama naye huipata. Krimu isiyoonyesha viambato vyake isiingie nyumbani mwako.

Funza

Funza aliletwa Afrika kutoka Amerika Kusini, akafika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla karne hiyo haijaisha alikuwa Afrika Mashariki. Jike huingia kwenye ngozi ya mguu, akavimba na kumwaga mayai sakafuni. Huzaliana penye vumbi kavu, kwa hiyo sakafu ya udongo ikandikwe au inyunyiziwe maji na kufagiliwa kila siku, na mbwa, mbuzi na nguruwe wasilale ndani. Acheni kuchokora kwa pini moja watoto wote: pini hiyo inaweza kupitisha homa ya ini au virusi vya Ukimwi. Zahanati wana dawa ya kuwaua funza na sindano ya pepopunda.

Jua

Ikweta inapita kati ya mji wa Meru na Nkubu, na miji ya Meru na Embu iko juu ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari. Nguvu ya miali inayochoma ngozi huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hata siku ya baridi. Mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu na apake losheni ya kinga ya jua kila siku. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu limekuwa likiitoa bila malipo kwa waliojiandikisha. Mzazi, mwandikishe mtoto mapema.

Usikae nyumbani ukiona haya

Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa. Baka lisilohisi hata likichomwa sindano. Doa jeusi linalokua kwenye unyayo au chini ya ukucha. Ngozi iliyovimba na kuwa moto, pamoja na homa. Vipele vyenye maji kwa mtoto mchanga. Anza na mhudumu wa afya wa jamii au zahanati iliyo karibu. Wao watakuelekeza hospitali ya rufaa ya Meru au ya Embu ikibidi. Na kama ni muwasho, usimpeleke mtoto mmoja tu: wataje wote mnaolala naye nyumba moja, na muombe dawa ya kuwatosha wote.